Sura ya Saba: Homa Isiyo na Mwenyewe

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mitaani na hata katika zahanati hujulikana zaidi kwa kifupisho cha UTI, ni miongoni mwa magonjwa ya bakteria yanayowapata watoto mara nyingi, na ni miongoni mwa machache yanayokosewa kwa namna mbili zinazopingana. Kwa mtoto mchanga na yule ambaye hajaanza kusema, ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa, kwa kuwa dalili yake kuu ni homa, na homa katika Afrika Mashariki ilikuwa kwa miaka mingi na jina moja tu, malaria. Kwa mtoto mkubwa mambo hugeuka: jina la UTI hutolewa kwa wepesi, mara nyingi kutokana na chembe chache za usaha zilizoonekana katika mkojo usiokingwa ipasavyo, na mtoto humezeshwa dawa duru baada ya duru kwa kile ambacho wazazi huishia kukiita "UTI sugu". Sura hii inaeleza ugonjwa wenyewe, dalili zake, vipimo vyake na tiba yake, na inashikilia kwamba makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni mkojo ambao ama haukuchukuliwa kabisa, ama ulichukuliwa vibaya.

Njia ya mkojo na wageni wake

Njia ya mkojo huanzia kwenye figo mbili, ambazo huchuja damu na kuondoa taka pamoja na maji yaliyozidi. Kutoka kila figo mkojo hushuka kwa mrija mwembamba uitwao ureta hadi kibofuni, na kutoka kibofuni hutoka nje kwa mrija mmoja uitwao urethra. Mahali ureta inapoingia kibofuni, mrija hupita kimshazari ndani ya ukuta wa kibofu, kwa hiyo kibofu kinapojaa au kinapojikaza, mrija nao hubanwa na mkojo hauwezi kurudi ulikotoka. Mpangilio huu ni muhimu kwa maelezo yatakayofuata, kwa sababu, isipokuwa kwa baadhi ya watoto wachanga ambao bakteria huwafikia kwa njia ya damu, vijidudu hupanda kutoka chini kwenda juu, na chochote kinachouzuia mkojo kutoka, au kinachouruhusu kurudi nyuma, huvipa vijidudu hivyo muda na mahali pa kuzaliana. Vikiishia kibofuni ugonjwa huwa wa kuudhi kuliko kuwa wa hatari. Vikifika kwenye figo husababisha maambukizi ambayo wataalamu huyaita pielonefritisi, na hayo ndiyo yanayoweza kumwachia mtoto kovu la kudumu.

Katika takriban visa 8 kati ya 10, anayehusika ni bakteria aitwaye Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mpana wa kila mtu. Jina lake linatokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Kijerumani, ambaye mwaka 1885 alimweleza bakteria huyo baada ya kuchunguza kinyesi cha watoto wachanga mjini Munich. Baadhi ya aina za bakteria huyu zina vijinywele vyenye ncha zinazonata, ambavyo hushika ukuta wa njia ya mkojo kiasi kwamba mkojo hupita bila kuzisomba. Dhana iliyoenea kwamba mtoto "huokota" UTI kwa kukalia choo kichafu haina msingi, kwa kuwa vijidudu vinavyomwuguza hutoka katika utumbo wake mwenyewe, vikapita kwenye ngozi iliyo kati ya njia ya haja kubwa na njia ya haja ndogo. Choo kichafu kina hatia yake, kama itakavyoelezwa mwishoni, lakini ni hatia ya aina nyingine.

Wanaougua zaidi

Katika miezi ya mwanzo ya maisha wavulana huugua angalau sawa na wasichana, hasa wavulana ambao hawajatahiriwa, kwa sababu vijidudu hujificha chini ya govi ambalo katika umri huo bado limeshikamana na kichwa cha uume. Baada ya mwaka wa kwanza mizani huelemea upande wa wasichana, ambao urethra yao ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Uchunguzi uliofanywa Göteborg, Uswidi, kwa watoto waliokuwa wakianza shule wakiwa na miaka 7, ulionyesha kwamba karibu wasichana 8 katika kila 100, na karibu wavulana 2 katika kila 100, walikuwa wamekwisha kuugua ugonjwa huu angalau mara moja. Kuhusu tohara, ingawa hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, hesabu za watafiti zinaonyesha kwamba ingebidi kutahiri zaidi ya wavulana 100 wenye afya ili kumwepusha mmoja tu na maambukizi, na kwa sababu hiyo haipendekezwi kwa kila mtoto kwa ajili ya kinga hii peke yake. Aidha, katika jamii ambazo tohara hungoja umri wa jando, kinga hiyo huja wakati kipindi cha hatari kubwa kimekwisha kupita.

Wengine walio katika hatari zaidi ni watoto wenye utapiamlo mkali, wenye selimundu, wenye choo kigumu cha muda mrefu, ambacho hukandamiza kibofu na kukizuia kisiishe mkojo wote, na waliozaliwa na kasoro katika njia ya mkojo. Kasoro mojawapo huwapata wavulana peke yao: vikunjo vya ngozi nyororo ndani ya urethra huziba njia, na dalili yake mama mwangalifu huweza kuiona nyumbani kabla ya daktari, kwani mkojo wa mtoto wa namna hiyo haurukii mbali kama wa wavulana wenzake, bali hudondoka tone kwa tone, naye hujikamua huku akilia. Mtoto kama huyo anahitaji hospitali yenye mtaalamu wa upasuaji mapema iwezekanavyo.

Dalili hufuata umri

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawezi kusema kwamba mkojo unamchoma, na ugonjwa wake huonekana kwa ishara ambazo zingeweza kuwa za maradhi mengine yoyote: homa, kutapika, kukataa kunyonya, kulia pasipo sababu, kutoongezeka uzito, na kwa mtoto mchanga, manjano yanayokawia kuisha. Katika familia nyingi kilio cha namna hiyo hupewa jina la mchango na kutibiwa kwa dawa za mitishamba, na siku za thamani hupotea. Mtoto wa miaka 2 au 3 huweza kushika chini ya kitovu au kuanza kulia kila anapokojoa. Mtoto mkubwa zaidi husema mwenyewe kwamba anaungua, huenda haja ndogo mara kwa mara na kutoa mkojo kidogo kidogo, na anaweza kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa muda mrefu. Huyu wa mwisho mara nyingi huchapwa au kufanyiwa mzaha wa kikojozi, wakati anachostahili ni kupimwa mkojo. Homa inayofika nyuzi 38 au zaidi, ikiambatana na kutetemeka na maumivu ya ubavuni au kiunoni, hudokeza kwamba figo zimeguswa.

Zipo pia dalili zinazopotosha. Msichana anayelalamika kuungua bila homa anaweza kuwa na mwasho wa ngozi ya sehemu za siri uliotokana na sabuni kali au na minyoo midogo inayotoka usiku kwenye njia ya haja kubwa. Damu inayoonekana mwishoni mwa mkojo, kwa mtoto asiye na homa anayeogelea katika madimbwi na vijito vya Unguja, Pemba na maeneo mengine yenye ugonjwa huo, ni ishara ya kichocho kabla ya kuwa ishara ya UTI, na kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli. Viuavijasumu, yaani antibiotiki, havimfai kitu mtoto wa namna hiyo.

Homa baada ya kipimo cha malaria

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka vya tone la damu vikaenea hadi zahanati za vijijini. Pendekezo hilo liliibua swali ambalo hapo awali halikuulizwa sana: iwapo si malaria, ni nini? Jibu lililo wazi kuliko mengine lilitoka Tanzania, katika utafiti uliofanywa mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 10, waliofika kliniki wakiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, na uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5, homa ya matumbo kwa asilimia 3.7, na maambukizi ya njia ya mkojo kwa asilimia 5.9, yaani takriban mtoto 1 kati ya 17. Zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati uleule, jambo linaloonya kwamba hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, mkojo haujaondolewa lawama.

Watoto wengi katika utafiti huo walikuwa na maradhi ya virusi, ambayo hayahitaji kiuavijasumu chochote. Hata hivyo, desturi iliyoota katika vituo vingi ni kwamba mtoto ambaye kipimo chake cha malaria hakikuonyesha kitu hupewa amoksilini ya maji na kurudishwa nyumbani. Kwa mtoto mwenye UTI desturi hii ina madhara maradufu: dawa huenda isimponye, kwa kuwa bakteria wengi wa njia ya mkojo wamekwisha kuizoea, na wakati huohuo inaweza kuwafifisha bakteria kiasi kwamba mkojo utakaopimwa siku 2 baadaye hautaotesha chochote. Homa hiyo hubaki bila mwenyewe, kwa sababu shahidi pekee aliyeweza kumtaja amezibwa mdomo.

Namna ya kukinga mkojo

Kuchukua mkojo wa mtoto huonekana kuwa kazi ndogo ya maabara, ingawa kwa kweli ndipo ukweli wa kipimo chote unapoamuliwa. Mtoto anayeweza kutii maelekezo husafishwa sehemu za siri kwa maji safi, huachwa akojoe kiasi kidogo chini, kisha mkojo wa katikati hukingwa moja kwa moja katika kopo safi lililotolewa na maabara. Chupa ya dawa iliyosuuzwa nyumbani haifai, poti haifai, na mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi haufai kabisa. Mfuko wa plastiki unaobandikwa kwa gundi sehemu za siri, ambao hutumika katika baadhi ya hospitali, una faida moja tu: ukionyesha kwamba mkojo ni safi, huaminika, ukionyesha vijidudu, hauaminiki, kwa kuwa mkojo umegusa ngozi na pengine kinyesi. Kwa mtoto mdogo aliye mgonjwa sana, madaktari huingiza mpira mwembamba kibofuni au huvuta mkojo kwa sindano juu kidogo ya kinena, na wazazi wanapaswa kufahamu kwamba taratibu hizi, ingawa zinatisha kutazama, huchukua dakika chache na hutoa jibu la kutegemewa.

Kwa walio wengi, njia iliyo nafuu ni kungoja na kukinga, na hapa akina mama wa Pwani wana ujuzi ambao hospitali hazijautumia vya kutosha. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walieleza katika jarida la Pediatrics jinsi mama wa Kidigo anavyomzoesha mtoto kujisaidia tangu wiki za mwanzo za maisha: hukaa chini akiwa amenyoosha miguu, humpakata mtoto katikati ya miguu yake akiwa amempa mgongo, kisha hutoa sauti laini ya "shuu", akirudia hivyo mara nyingi mchana na usiku, hadi mtoto anapofikia miezi 4 au 5 akawa anaitikia sauti ile kwa kukojoa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba kumsugua mtoto wa mwezi 1 hadi 12 kwa pamba yenye maji baridi, kwa mduara, juu ya kinena, kulifanya watoto 31 kati ya 100 wakojoe ndani ya dakika 5, wakati kwa waliongojewa tu walikuwa 12 kati ya 100. Mama aliyemzoesha mwanawe kwa sauti, akishirikiana na muuguzi mwenye pamba baridi na kopo mkononi, anaweza kupata bila sindano wala mpira kile ambacho maabara inakihitaji.

Mkojo ukishapatikana, muda huanza kuhesabiwa. Katika joto linalowafaa, bakteria huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa kasi hiyo mmoja huwa 4,096 katika saa 4, kwa hiyo kopo lililokaa dirishani tangu alfajiri hadi adhuhuri ya joto la Dar es Salaam litatoa majibu ya ugonjwa ambao haumo katika mwili wa mtoto. Mkojo unapaswa kufanyiwa kazi ndani ya saa 1, au kuhifadhiwa katika jokofu.

Kusoma majibu

Kipimo cha kwanza ni kijiti chenye vipande vya rangi, ambavyo viwili kati yake vinahusika hapa: kimoja hutambua kimeng'enya cha seli nyeupe za damu, na kingine hutambua nitriti, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria kutokana na nitrati iliyomo katika mkojo. Nitriti ikionekana, ushahidi ni mzito, lakini isipoonekana kwa mtoto mchanga haithibitishi kitu, kwa kuwa bakteria huhitaji saa 4 hivi kuitengeneza, na kibofu cha mtoto mchanga humwagika kabla ya muda huo. Kipimo cha pili ni hadubini, ambayo huonyesha seli za usaha. Seli 2 au 3 katika eneo moja la hadubini ni jambo la kawaida, na kumwanzishia mtoto dawa kwa idadi hiyo pasipo dalili ni kutibu karatasi ya majibu.

Kipimo kinachohitimisha ni kuotesha mkojo, ambapo bakteria huachwa wakue kwa siku 1 au 2 na kisha kujaribiwa kwa dawa mbalimbali ili kujua ipi inawaua. Mwaka 1956 daktari wa Kimarekani Edward Kass aliweka kiwango cha bakteria 100,000 katika kila mililita kuwa mpaka kati ya maambukizi na uchafu. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishusha mpaka huo hadi 50,000 kwa watoto wa miezi 2 hadi 24 ambao mkojo wao umechukuliwa kwa mpira au sindano, kwa sharti kwamba usaha nao uwepo. Mkojo ulioota aina 3 au 4 za vijidudu kwa pamoja kwa kawaida ni mkojo mchafu. Bakteria wanaokutwa kwa mtoto asiye na dalili yoyote kwa kawaida hawahitaji dawa, na kuwasaka kwa viuavijasumu huwaondoa wapole na kuwapisha wakali. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa "UTI sugu" hueleweka kwa mwanga huu: ama ugonjwa haukuwapo tangu mwanzo, ama ulikuwapo lakini haukuoteshwa, na dawa ikabahatishwa.

Tiba, usugu na makovu

Mtoto mwenye homa na vipimo vinavyoelekeza kwenye UTI hapaswi kungoja majibu ya kuotesha; mkojo huchukuliwa kwanza, dawa huanzishwa mara moja, na majibu yakifika dawa huendelezwa au hubadilishwa. Mtoto wa chini ya miezi 2 au 3, au yeyote anayetapika kila kitu, hutibiwa hospitalini kwa sindano. Wengine hutibiwa vizuri kwa dawa ya kunywa, inayopimwa kwa uzito wa mwili, kwa siku 7 hadi 10 iwapo kuna homa, na kwa siku chache kuliko hizo iwapo ni kibofu peke yake. Nitrofurantoini, ambayo bado ina nguvu dhidi ya bakteria wengi, hutibu kibofu lakini haifiki vya kutosha katika nyama ya figo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za rufaa za Tanzania, zikiwamo Muhimbili na Bugando, umekuta kwamba bakteria wa mkojo wa watoto kwa sehemu kubwa hawasikii tena amoksilini wala kotrimoksazoli, dawa zilezile zinazouzwa kwa urahisi katika maduka ya dawa na kugawanywa nusu dozi nyumbani.

Haraka ya kuanza tiba ina sababu. Takriban theluthi moja ya watoto wanaopata UTI hukutwa na mkojo unaorudi nyuma kutoka kibofuni kwenda kwenye figo, hali inayopangwa katika daraja 5, ambazo zile za chini kwa kawaida hutoweka mtoto anapokua. Karibu watoto 15 katika kila 100 hubakiwa na kovu la figo baada ya maambukizi ya kwanza, na hatari huongezeka tiba inapocheleweshwa kwa siku 2 au 3; kovu kubwa huweza kuja kudai malipo ukubwani kwa shinikizo la juu la damu au kwa figo zinazodhoofu. Kwa sababu hiyo, mtoto wa chini ya miaka 2 aliyepata UTI yenye homa hushauriwa kupigwa picha ya ultrasaundi ya figo na kibofu. Kumpa dawa kila siku kwa miezi mingi ili ugonjwa usirudi ni uamuzi wa kupimwa kwa makini, kwani utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliofuatilia kwa miaka 2 watoto 607 wenye mkojo unaorudi nyuma, ulionyesha kwamba dawa ya kila siku ilipunguza marudio kwa nusu, lakini haikupunguza makovu, na bakteria waliojitokeza walikuwa sugu zaidi.

Kinga iliyo mikononi mwa watu wazima

Kinga nyingi ni nyepesi: kumtawaza mtoto wa kike kutoka mbele kwenda nyuma, kumbadilisha nepi mara inapochafuka, kumnyonyesha, kumpa maji na matunda ili choo kisiwe kigumu, na kumfundisha kukojoa mpaka kibofu kiishe badala ya kukimbilia mchezo. Iliyo ngumu ni ile inayohusu shule, na hapa ndipo choo kichafu kinapostahili lawama. Mtoto anayekuta choo kisicho na mlango, maji wala faragha hubana mkojo tangu asubuhi hadi arudi nyumbani, na walio werevu zaidi hujizuia kunywa maji ili wasilazimike kwenda. Mkojo unaokaa kibofuni kwa saa 6 au 7 bila kutolewa huwapa bakteria ule muda wanaouhitaji. Viwango vya Tanzania vinataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na kamati ya shule inayohesabu matundu hayo, ikatazama kama yana maji na komeo, huwa inalinda figo za watoto kama zahanati inavyozilinda.

Mzazi anayempeleka mtoto kituoni kwa homa ambayo haina kikohozi, haina kuhara na haina malaria ana haki ya kuuliza swali moja fupi kabla ya kupokea chupa ya dawa: mkojo wake umepimwa? Na mhudumu anayeulizwa hivyo atoe kopo safi kwanza, dawa ifuate.